Paka Aliyezaa Ndani ya Kochi

Mama Makochi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Alipenda kuuliza kwa nini.

Mteja akimletea kochi lililobonyea, hakukimbilia kulivisha kitambaa kipya. Kwanza aliuliza nani analikalia, anakaa upande gani, na kama kuna watoto wanaolirukia. Kisha alilipindua, akang'oa pini moja moja, akachungulia ndani kwa tochi. Alitaka kujua springi ipi imekatika na imekatika kwa nini. Wateja wengine walichoshwa na maswali yake. Lakini makochi yake hayakurudi na ubovu uleule, kwa hiyo walivumilia.

Mume wake alikuwa mtu wa aina nyingine. Watu walimwita Kipimo, kwa sababu futi kamba haikutoka shingoni mwake. Sijui kama hata wakati wa kuoga alikuwa anaivua. Kipimo alipima vizuri, na kwa kupiga stepla hakuna aliyemfikia mtaa mzima. Ila alikuwa na haraka. Kazi ikiwa mbele yake alitaka iishe, basi.

Karakana yao ilikuwa uani, nyuma ya nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga. Ilikuwa na paa la bati na kuta mbili tu. Fremu za mbao ziliegemezwa ukutani. Sponji zilipangwa mpaka karibu na bati. Mlangoni alikaa mama yake Kipimo, ambaye wote walimwita Bibi. Kazi yake ilikuwa kupanga mabaki ya vitambaa kwa rangi, na kujua habari za kila mpangaji.

Na kulikuwa na paka. Hawakuwa wa mtu. Walilala juu ya sponji, walipigana juu ya bati, na walizaa popote palipokuwa laini. Katika karakana ya makochi, kila mahali ni laini. Mmoja wao alikuwa mweupe mwenye mabaka meusi. Bibi alimpa jina, Madoa. Kila jioni alimwekea mabaki ya samaki kwenye kifuniko cha ndoo. Ukimuuliza, alijitia hamnazo.

"Mimi? Nilimwaga tu."

Siku moja asubuhi Kipimo alikuwa anamalizia kochi la mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Ilibaki kupiga kile kitambaa cheusi cha chini, kinachofunika tumbo la kochi. Kochi lilikuwa limekaa pale mwezi mzima likiwa wazi. Gari la mizigo lilikuwa linasubiri nje, na dereva alikuwa anapiga honi. Kipimo akalilaza kochi, akavuta kitambaa, akapiga stepla pande zote nne. Ta-ta-ta-ta. Wakalipakia, likaenda.

Alasiri simu ya Mama Makochi ikaita. Alikuwa ni yule mwalimu.

"Mama Makochi, kochi lako linalia."

"Shikamoo, mwalimu. Mbao mpya hulia kidogo. Zitatulia."

"Marahaba. Mbao hazisemi nyau."

Mama Makochi akashusha simu. Uani, Madoa alikuwa anazunguka tangu mchana. Alipanda juu ya sponji, akashuka, akaingia chini ya fremu, akatoka. Alikuwa analia kwa sauti ya kukwaruza. Hapo Mama Makochi akaelewa. Akamgeukia mume wake.

"Ulichungulia mkononi kabla ya kufunga?"

"Mkono wa nani?"

"Wa kochi."

Mkono wa kochi una uwazi ndani. Mtu asiyemulika kwa tochi haoni kilichomo. Kipimo alijikuna kichwa.

Walipofika kwa mwalimu, walikuta wageni wake watatu wamesimama wima sebuleni. Hakuna aliyetaka kukaa. Mama Makochi aliomba radhi, akapindua kochi, akafungua kitambaa cheusi. Ndani ya mkono wa kulia walijikunyata paka wadogo watatu. Macho yao yalikuwa wazi na meno yameanza kuota. Mmoja alimfyonyea Kipimo kama anayemdai kitu.

"Nimekalia vitu vingi maishani," mwalimu alisema. "Lakini kukalia watoto wa wenyewe, hii ni mara ya kwanza."

Alisema hivyo kwa utani, na wageni wakacheka. Mama Makochi akawatia paka wale kwenye boksi, akawarudisha kwa mama yao. Lakini wageni wana midomo. Jua lilipozama, mtaa mzima ulikuwa na habari ya kochi linalolia. Wengine walitia chumvi, wakasema paka walikuwa kumi, na kati yao mmoja ana pembe.

Habari ilimfikia mwenye nyumba. Huyu watu walimwita Mzee Funguo, ingawa si mbele yake. Alitembea na shada la funguo kiunoni, na ulimsikia kabla ya kumwona. Kesho yake asubuhi walimsikia.

"Shikamoo, Mzee," Mama Makochi alisema.

"Marahaba. Hii ni mara ya ngapi paka kuzaa uani kwangu mwaka huu?"

Aliendelea bila kusubiri jibu.

"Wapangaji hawalali. Paka wanapigana juu ya bati. Ngazi ya mlangoni inanuka mkojo. Sasa wamefika mpaka kwenye makochi ya watu. Nimevumilia vya kutosha. Sumu ninayo ndani. Jumapili asubuhi naichanganya na nyama, naitupa huku nyuma. Habari ndiyo hiyo."

"Mzee, na yule mtoto wa chumba cha mwisho? Anatambaa, na kila anachookota anakitia mdomoni."

"Mama yake amshike," alisema Mzee Funguo. Lakini alisema huku anaangalia pembeni. Kisha akaondoka, na funguo zikamsindikiza.

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Alimpenda Madoa, na hakuona aibu kumlilia. Mama Makochi hakulia, lakini aliutazama uwanja wote. Sumu ile ingewekwa pale pale alipofanyia kazi, alipokaa mama mkwe wake, na mtoto wa jirani alipotambaa. Siku zilizobaki zilikuwa chache.

"Tuwatie kwenye gunia," alisema Kipimo. "Tuwapeleke mbali, kwa wauza samaki. Watashiba huko."

"Mwaka jana hukuwapeleka wengine?"

"Niliwapeleka."

"Na haukupita muda, wakaja hawa. Wametoka wapi?"

"Paka ni wengi duniani, mke wangu."

"Najua ni wengi. Nakuuliza kwa nini wanakuja hapa."

Kipimo alivuta pumzi ndefu. Alijua dalili za ule ugonjwa.

Wakati huo paka mmoja wa kijivu alikuwa ameketi juu ya ukuta wa nyuma, anajilamba. Alikuwa mnene, na manyoya yake yalikuwa safi. Mama Makochi alimtazama bila kufikiri. Mara akasogea karibu. Sikio la kushoto la paka yule halikuwa na ncha.

"Alipigana huyo," alisema Kipimo.

"Hapana. Kitambaa kikichanika kwenye msumari, ukingo unakuwa wa ovyo. Ona sikio lile. Limenyooka. Huo ni mkasi mkali, na mkono wa anayejua kazi."

"Mungu wangu," alisema Bibi. "Nani anakata paka masikio?"

"Hilo ndilo nataka kujua."

Paka wa kijivu alishuka upande wa pili wa ukuta. Mama Makochi akavua aproni, akazunguka kwa njia ya nje, akamfuata. Paka aliingia kwenye kibanda cha kuchomelea vyuma. Chini ya meza, mbali na moto, walikuwa wamelala paka wengine wawili. Nao hawakuwa na ncha ya sikio la kushoto.

Fundi wa pale alikuwa mtu wa makamo aliyehamia mtaani hivi karibuni. Watu walimwita Cheche kwa ajili ya kazi yake. Alivua kinyago cha kuchomelea na kumkaribisha. Mama Makochi hakukaribia.

"Wewe ndiye unayewakata paka masikio?"

Cheche alitabasamu. Inaonekana hakuwa anaulizwa swali hilo kwa mara ya kwanza.

"Si mimi, dada. Ni daktari wa mifugo. Anawakata wakiwa wamelala kwa dawa, hawasikii kitu. Mimi kazi yangu ni hii hapa."

Akamwonyesha kizimba cha waya, kirefu, chenye mlango wa kuanguka.

"Huu ni mtego. Paka anafuata samaki mwishoni. Akikanyaga kibao hiki, mlango unashuka nyuma yake. Haumuumizi. Tuko watu wachache tunaojitolea. Yupo daktari, yupo muuza duka la dawa za mifugo, wapo walimu wawili, na mimi. Tunakamata paka wasio na wenyewe, tunawafungisha kizazi, tunawachanja, kisha tunawarudisha walikotoka."

"Mnawarudisha? Kwa nini? Si ndiyo kelele zilezile?"

"Kaa, dada. Hilo ndilo swali lenyewe."

Mama Makochi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Pale kwenu paka wanapata nini?" Cheche aliuliza.

"Mabaki ya samaki. Panya. Na pa kulala, sponji zimejaa."

"Sasa ukimtoa paka, je, mabaki yanaondoka? Sponji zinaondoka?"

"Haziondoki."

"Basi nafasi yake iko wazi. Paka mwingine mwenye njaa ataijaza. Na paka jike mmoja hubeba mimba miezi miwili tu. Tena anaweza kushika nyingine hata kabla hajamaliza kunyonyesha. Watoto wake nao, wakifikisha miezi mitano hivi, wanaanza kushika mimba."

Mama Makochi alihesabu kichwani, akaacha. Hesabu ilikuwa inakwenda kubaya.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa tunabadilisha kitambaa tu," alisema polepole. "Springi hatujaigusa."

"Umesema vizuri kuliko mimi. Paka aliyefungwa kizazi anabaki kwenye eneo lake. Anakamata panya wake. Hazai, na dume hapigani sana wala harushi mkojo kama zamani. Ila inabidi wafungwe karibu wote. Ukimwacha dume na jike mmoja, umerudi mwanzo."

"Na sikio?"

"Ni alama. Paka hana kitambulisho. Tukiona sikio limekatwa, tunajua huyu tayari, tusimsumbue tena kwa kisu."

Mama Makochi alitaka kuuliza jambo jingine, lakini Kipimo alitokea mlangoni. Alikuwa amefunga mkono wake kwa kipande cha kitambaa cha kochi, na damu ilikuwa inapenya. Gunia tupu lilining'inia begani.

"Umefanya nini?" mke wake aliuliza.

"Nilitaka kumaliza jambo mapema. Madoa hakukubali."

Cheche hakucheka. Alimshika bega, akampeleka kwenye bomba.

"Sabuni ile pale. Fungua maji, osha jeraha bila kuacha, robo saa nzima. Usipake chochote. Ukimaliza, moja kwa moja kituo cha afya. Waambie umeumwa na paka asiyejulikana, wakupe chanjo ya kichaa cha mbwa."

"Lakini aliyeniuma ni paka."

"Kichaa cha mbwa hakiangalii jina. Paka anaweza kuwa nacho. Dalili zikishaonekana kwa mtu, daktari hana la kufanya. Kwa hiyo hatusubiri dalili."

Kipimo aliosha. Kwa mara ya kwanza hakuharakisha kazi. Kituo cha afya walimchoma sindano, wakamwambia lini arudi kwa nyingine. Alirudi kila walipomwambia.

Jioni ile Mama Makochi alikwenda kwa Mzee Funguo. Alimweleza yote, kutoka mwanzo. Mzee alisikiliza amekunja uso.

"Maneno matamu hayo," alisema. "Lakini nikiwaacha, nitajuaje kama hawazai tena?"

"Jumamosi Cheche na wenzake wanafanya kazi hiyo katika ukumbi wa shule. Njoo uone kwa macho yako."

Mzee alizungusha funguo kwenye kidole.

"Nitakuja. Lakini paka wa huku nyuma wawe wamefungwa kizazi Jumamosi hiyohiyo. Vinginevyo, Jumapili iko palepale."

Ijumaa alasiri Cheche alileta mitego miwili, kwani paka wakubwa waliozoea kulala uani walikuwa wawili tu. Walitegesha samaki, wakajificha nyuma ya fremu. Wa kwanza kuingia alikuwa dume mwekundu mwenye kichwa kikubwa, mgomvi wa kwenye bati. Baadaye akaingia Madoa. Mlango uliposhuka, alijirusha huku na huku, akigonga waya.

"Mfunike haraka," alisema Cheche. "Gizani wanatulia."

Alikuwa na gunia lililotoboka. Mama Makochi aliliangalia, akatikisa kichwa. Alimpa kitambaa kizito cha kochi kwa muda ule. Kisha akapima mitego yote miwili, akaketi kwenye cherehani, akashona vifuniko vinavyoingia vyema, vyenye tundu la kupitisha hewa na sehemu ya kushikia. Cheche alivigeuza mkononi, akavisifu. Tangu siku hiyo watu wa kujitolea hawajatumia magunia tena.

"Sasa jambo moja tu," alisema Cheche kabla ya kuondoka. "Hawa wakubwa wawili wasipewe chakula tena mpaka watibiwe. Maji tu. Watoto wapeni chakula laini, wamekwisha anza kula."

"Tumesikia," alisema Mama Makochi.

"Tumesikia," alisema Bibi.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa shule ulikuwa umepangwa vizuri. Madawati yalisogezwa ukutani. Kwenye meza moja daktari alipasua, kwenye nyingine mwenzake alimnyoa manyoya paka aliyelala. Mwisho wa ukumbi, paka waliokwisha kutibiwa walikuwa wamelazwa kwenye mikeka, wamefunikwa, wamepangwa kama mizigo ya posta. Mmoja wa wale walimu wa kujitolea alipita akiwapima joto.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole. Alianza na dume mwekundu. Kazi ilikuwa fupi kuliko Mama Makochi alivyodhani. Kisha akafunua kifuniko cha Madoa, akachungulia. Alichomoa kitu kati ya waya. Ulikuwa mwiba wa samaki, bado mbichi.

"Huyu amekula lini?"

Mama Makochi alimtazama Kipimo. Kipimo alimtazama mama yake. Bibi alitazama dari.

"Asubuhi hii," Bibi alisema hatimaye. "Nilimsikia anaguna. Nikamwambia, kula mwanangu, leo una safari."

"Mama," alisema Kipimo.

"Ana watoto huyu. Nitamnyimaje?"

Daktari hakumfokea. Alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Bibi, umefanya kwa huruma, naelewa. Lakini nikimlaza kwa dawa na tumbo limejaa, anaweza kutapika akiwa usingizini. Matapishi yataingia kwenye mapafu. Hataamka."

Bibi aliweka mkono mdomoni.

"Leo siwezi kumgusa. Kesho asubuhi tupo hapa tena. Atakuwa wa kwanza."

Mama Makochi alihesabu siku. Kesho ilikuwa Jumapili. Na hapo hapo, mlangoni, ikasikika sauti ya funguo.

Mzee Funguo aliingia amefunga mikono nyuma. Angeweza kudanganywa. Paka walikuwa wengi na wote wamefunikwa, na Mama Makochi alifikiria hilo kwa muda mfupi. Kisha akamwendea.

"Mzee, dume amefungwa, yule pale. Jike bado. Alipewa chakula, daktari amekataa. Ni kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi nina kazi yangu. Nilikwambia."

"Uliniambia."

Mzee hakuondoka. Alimsogelea dume mwekundu. Yule mgomvi wa kwenye bati alikuwa amelala ulimi nje, sikio lake limekatwa vizuri. Alionekana mdogo kuliko siku zote.

"Huyu ndiye aliyekuwa ananiamsha?"

"Ndiye," alisema daktari.

"Na hatarusha mkojo kwenye ngazi?"

"Homoni zinachukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Baada ya hapo utaona mabadiliko makubwa."

Mzee aliinama karibu na paka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika.

"Daktari, hii sumu ya dukani. Paka akiila, anakufa vipi?"

"Vibaya, Mzee. Anatetemeka, anakakamaa, anahangaika. Na hafi pale ulipoweka nyama. Anatafuta pa kujificha. Juu ya dari, ndani ya kochi, kwenye tangi la maji kama kifuniko hakifungi sawasawa. Kuku akidonoa matapishi yake, naye basi. Na mtoto hajui kutofautisha nyama na nyama."

Mzee Funguo alishika funguo zake zisilie. Wapangaji wote walijua kifuniko cha tangi lake kilivunjika zamani. Aliuliza swali jingine, kuhusu chanjo. Kisha jingine, kuhusu gharama ya nyuzi. Ule ugonjwa wa Mama Makochi, nadhani, unaambukiza. Aliuliza mpaka daktari akamwomba ashike taa.

Jioni alirudi nao nyumbani. Madoa alikuwa bado kwenye mtego wake.

"Huyu analala wapi?" Mzee aliuliza.

"Karakana," alisema Kipimo.

"Karakana haina mlango." Alimtazama Bibi, na Bibi akatazama chini. "Analala stoo yangu. Na maji yake. Kufuli naweka mimi mwenyewe, funguo nalala nayo."

Kipimo alitaka kuuliza habari ya kesho asubuhi. Mke wake alimkanyaga mguu.

Jumapili, jua lilipokuwa linachomoza, Mama Makochi alikuwa tayari uani. Hakulala vizuri. Alimsikia Mzee anakuja, akageuka kutazama mikono yake. Hakubeba nyama. Alifungua kufuli, akatoka na mtego, akaubeba mwenyewe mpaka ukumbini. Alipofika alimwambia daktari kabla hajaulizwa.

"Hajala kitu. Nimelala naye ukuta kwa ukuta. Ametukana usiku kucha."

Madoa alitolewa mfuko wa uzazi, akachanjwa, akakatwa ncha ya sikio. Alipozinduka walimweka stoo mpaka siku ya pili, apate nguvu. Kisha wakamrudisha uani, wakafungua mlango wa mtego, wakakaa mbali.

Madoa hakutoka. Alikaa ndani, anatazama nje. Mama Makochi alishika vidole vyake. Cheche alikuwa amemwambia kwamba wengine hukimbia na kukaa siku kadhaa bila kuonekana. Bibi alikuwa anasema kitu kwa sauti ndogo. Mwishowe Madoa alitoa mguu mmoja, akatoa mwingine, akavuka uwanja bila haraka. Alikwenda kwenye boksi la watoto wake, akawanusa mmoja mmoja, akajilaza.

Bibi alilia tena, na safari hii Kipimo naye aligeuka upande.

Mwalimu mstaafu alikuja kuchukua mtoto mmoja. Alisema wageni wake wanamuulizia. Wengine wawili walizoeshwa watu na kupata nyumba, kila mwenye kumchukua akiahidi kumpeleka kwa daktari akifikisha umri. Kipimo alifunga kifuniko kipya cha tangi. Bibi aliendelea kumlisha Madoa, lakini kwa saa maalumu, na aliondoa mabaki baada ya kula ili yasiite wengine. Majirani wa mtaa wa nyuma walipoona, nao wakaazima mitego. Paka wa mtaa wakafungwa mmoja baada ya mwingine, wengi wao wakiwa wamefunikwa kwa vitambaa vya Mama Makochi.

Miezi ikapita. Msimu wa paka kuzaa ukaja, ukaondoka. Hakuna aliyezaa kwenye sponji. Bati lilikaa kimya, na ngazi ilinuka sabuni.

Mchana mmoja wa jua kali walisikia funguo. Mzee alikuwa anakuja, anatoka jasho, amebeba mtego mzito uliofunikwa. Ndani yake kitu kilikuwa kinanguruma.

"Nimemtoa kwenye nyumba yangu ya ng'ambo ya barabara," alisema, akautua kivulini. "Kule wako wengi. Huyu ndiye mkubwa wao. Kesho anakwenda kwa daktari."

"Na ile sumu, Mzee?" aliuliza Kipimo.

"Niliirudisha dukani siku nyingi. Muuzaji akaniuliza panya wameisha? Nikamwambia nina paka wawili, wote wana kazi."

Bibi alikuwa ameingia ndani. Akatoka na sahani ya samaki na wali, anaelekea upande wa mtego. Mzee Funguo akasimama haraka, akajiweka katikati.

"Mama, huyu hapewi kitu mpaka kesho."

"Sijamletea yeye," alisema Bibi. "Nimekuletea wewe. Kaa ule."

Mzee alikaa kwenye kochi lililokuwa linasubiri kitambaa, akaweka sahani magotini. Alikula polepole, mguu mmoja ameuegemeza mbele ya mlango wa mtego.